Boksi limeandikwa "Linux", kompyuta inaona CD: wauzaji wa adapta za Wi-Fi, tuambieni jina la chipu

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Ninaufungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba hasira hiyo isiwazuie kuisoma hoja yenyewe. Madukani mwetu zinauzwa adapta za USB za Wi-Fi ambazo maboksi yake yamechapwa neno Linux kwa herufi kubwa, sambamba na Windows na macOS, ilhali hakuna mahali popote, iwe juu ya boksi, ndani ya karatasi ya maelekezo au mgongoni mwa kifaa, palipoandikwa jina la chipu iliyomo. Mtumiaji wa Windows hana haja nalo. Kwa anayetumia Linux, jina la chipu ndilo linaloamua kama kifaa kitafanya kazi au kitabaki pambo la mezani, na ndilo hilo hilo analofichwa hadi atakapokwisha kulipa. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye picha nzuri ya mbuzi.

Ofisi ninayoihudumia ina kompyuta za mezani za mtumba ambazo bado zina nguvu ya kutosha kwa kazi za uchapaji, lakini hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa lile la TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta. Kwa kuwa Microsoft ilikwisha kutangaza kwamba msaada wa Windows 10 ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025, tuliona ni busara kuhamia Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, mapema kuliko kusubiri kusukumwa. Kompyuta hizo hazina kadi ya Wi-Fi, ruta imo chumba cha pili, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa kuta zake ili tupitishe waya (hilo ni lalamiko jingine, nitalitafutia uzi wake). Ndiyo maana tulinunua adapta, na ndiyo maana tulichagua ile ambayo boksi lake liliitaja Linux kwa jina.

Tulipoichomeka, orodha ya mitandao ilibaki tupu. Amri ya nmcli device ilionyesha kadi ya waya peke yake. Kilichojitokeza kwenye skrini, bila kuitwa, kilikuwa alama ya CD iliyojaa mafaili ya .exe. Amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, ikatoa namba 0bda:1a2b, na maelezo ya kwamba hiyo ni chipu ya RTL8188GU iliyo katika hali ya CD ya draiva (programu inayoendesha kifaa).

Hapa ndipo wengi wanapopotezwa, kwa hiyo ninaomba nieleze kwa kirefu. Adapta za aina hii zina hifadhi ndogo ndani yake yenye draiva ya Windows, na zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD, ili mtumiaji wa Windows abofye, asakinishe, kisha draiva hiyo iiamuru adapta iache kujifanya CD na kuwa kifaa cha Wi-Fi. Ni ujanja uliobuniwa kwa ajili ya mfumo mmoja tu. Kwenye Linux, kazi ya kutoa amri hiyo ya kubadilika hufanywa na programu ndogo inayoitwa usb_modeswitch, ambayo katika kompyuta zetu haikuwapo, na boksi lililojisifu kwa neno Linux halikusema lolote kwamba itahitajika. Isitoshe, namba 0bda:1a2b hutumiwa na adapta zenye chipu tofauti tofauti zikiwa katika hali hiyo ya CD, hivyo maelezo ya RTL8188GU yanayotolewa na lsusb hayathibitishi chochote kuhusu chipu halisi. Nimesoma nyuzi nyingi za watu waliotafuta draiva ya 8188gu, wakahangaika kuijenga kutoka kwenye msimbo wake, wakafanikiwa kuijenga, na bado wasipate mtandao, kwa sababu chipu yao haikuwa hiyo hata kidogo.

Baada ya kusakinisha programu hiyo, tuliendesha amri hii:

sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Alama ya CD ikatoweka. Tulipoirudia lsusb, namba ilikuwa imegeuka kuwa 0bda:c811, yaani RTL8811CU, ndugu wa karibu wa RTL8821CU. Kwa maneno mengine, ilitubidi tukivue kifaa kinyago kwa amri ya teminali ndipo kitutajie jina ambalo kiwanda kingeweza kulichapa kwenye boksi kwa gharama ya wino wa nukta chache.

Jina tulikuwa nalo sasa, lakini Wi-Fi bado hapana. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli (kiini cha Linux) toleo la 6.1, na uwezo wa kuendesha chipu za familia hii kwa njia ya USB, kupitia moduli (kipande cha draiva kinachopakiwa na kerneli) ya rtw88_8821cu, uliingia rasmi kwenye kerneli 6.2 ya Februari 2023. Tumekosa kwa toleo moja. Siwalaumu Debian hata chembe, kwa sababu wao hufungia toleo moja la kerneli na kulitunza kwa miaka, na ndicho kinachotufanya tuwaamini na kompyuta za ofisi. Ninayemlaumu ni aliyechapa neno Linux bila kutaja kerneli, kana kwamba Linux ni kitu kimoja kisichobadilika.

Si kwamba hawakujua. Kwenye mafaili ya yule anayejifanya CD hapakuwa na chochote cha Linux, lakini karatasi ya maelekezo ilitutuma kwenye ukurasa wa kupakua draiva, na kwenye ukurasa huo, kwa maandishi madogo, imeelezwa kwamba draiva ya Linux ni ya kerneli 2.6 hadi 4.4. Kerneli 4.4 ilitoka Januari 2016! Tulijaribu kuijenga hivyo hivyo, ikakwama ikilalamika kuhusu setup_timer, kitendakazi kilichoondolewa kwenye kerneli tangu toleo la 4.15 mwanzoni mwa 2018. Mtu anauza kifaa leo kwa ahadi iliyokwisha kuvunjika miaka yote hiyo, na boksi lake bado linang'aa.

Wapo watu wema mtandaoni ambao huchukua draiva za namna hii, wakazirekebisha ziende na kerneli mpya, na kuzitoa bure. Ninawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, njia yao inahitaji vichwa vya kerneli, zana za kujengea na DKMS (inayoijenga upya draiva kila kerneli inapobadilika), vyote vikishushwa kutoka intaneti ambayo adapta hiyo ndiyo iliyotarajiwa kuileta. Na kama Secure Boot (kinga inayokataa programu zisizosainiwa wakati kompyuta inawaka) imewashwa, moduli uliyoijenga mwenyewe itakataliwa hadi uisaini kwa ufunguo na kuuandikisha ufunguo huo kwa mokutil, kisha uwashe kompyuta upya na kuthibitisha kwenye ile skrini ya bluu ambayo ukichelewa inajipitia. Hebu mwelezeni hayo karani wa masijala aliyetaka tu kutuma barua pepe.

Kilichotutoa ni simu. Tuliichomeka kwa waya wake wa USB, tukawasha kushiriki intaneti kwa USB, na Debian ikaitambua papo hapo kama kadi ya mtandao bila kudai draiva yoyote. Kwa bando la simu tukaongeza hazina ya bookworm-backports (yenye programu mpya zaidi kwa ajili ya Debian 12), tukasakinisha kerneli mpya kutoka huko pamoja na kifurushi cha firmware-realtek, ambacho ndicho chenye faili la rtw8821c_fw.bin, yaani programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe. Faili hilo lisipokuwapo, moduli itapakiwa na bado adapta haitafanya kazi, na dmesg (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) itakueleza hivyo ukiisoma. Tangu Debian 12, kisakinishi chenyewe huja na vifurushi vya aina hii na huweka vile vinavyolingana na vifaa kilivyoviona, lakini kisakinishi kitajuaje kuna Wi-Fi ikiwa mbele yake kuna CD? Aliyeko kwenye Debian 13, iliyotoka Agosti 2025 na kerneli 6.12, hatahitaji backports, ila kifurushi hicho na usb-modeswitch ahakikishe anavyo.

Adapta zinafanya kazi sasa. Lalamiko langu liko pale pale, kwa kuwa njia hiyo ndefu haikuandikwa popote na mtu aliyepokea pesa yetu. Tulirudi dukani kabla ya kupata ufumbuzi. Jibu tulilopewa ni kwamba boksi likishafunguliwa kifaa hakirudishwi, na kwamba "mbona kwenye Windows inapiga kazi". Ninapenda kuwakumbusha wauzaji wenye majibu hayo kwamba Sheria ya Ushindani ya Tanzania, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayouziwa. Neno Linux lilikuwa juu ya boksi. Sikuliandika mimi.

Ninajua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema turudi Windows, naye ninamwomba asome tena aya ya pili. Mwingine atasema tungetafiti jina la modeli kabla ya kununua. Jina la modeli halitoshi, na ushahidi wake unajulikana na kila aliyewahi kuhangaika na vifaa hivi: TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaiendesha bila taabu, na toleo la pili likaja na chipu ya Realtek RTL8188EUS, inayohitaji draiva nyingine kabisa. Modeli ni ile ile na umbo ni lile lile, tofauti ikiwa ni herufi na namba ndogo ya toleo. Msomaji wa sifa zilizoandikwa wakati wa toleo la kwanza ananunua la pili akiamini amefanya utafiti.

Kwa wauzaji mnaosoma hapa, ombi ni dogo: andikeni chipu kwenye tangazo. Mkiwa na kifaa chenye chipu ya MT7612U, semeni, kwa kuwa draiva yake imo ndani ya kerneli tangu 4.19 ya mwaka 2018. Mkiwa na MT7921AU, semeni, imo tangu 5.18. Mkiwa na AR9271 ya zamani, mimi mwenyewe nitakuja kuinunua. Kama chipu hamuijui, basi mruhusuni mteja achomeke adapta kwenye laptopu yake kabla ya kulipa. Mteja naye aje na flashi yenye Linux ya kujaribia, ya toleo lile lile atakalotumia ofisini, na asikubali kuharakishwa.

Kwa wanajukwaa wenzangu, tutengeneze orodha yetu wenyewe hapa hapa, nami nitaihuisha kwenye bandiko hili la kwanza. Anayechangia aweke jina la modeli pamoja na namba ya toleo kama ilivyo kwenye lebo, matokeo ya lsusb kabla na baada ya usb_modeswitch, matokeo ya uname -r (toleo la kerneli), na kama draiva ilikuwamo kwenye kerneli au ilibidi kuijenga. Picha za maboksi msiweke, hayo tumeshayasoma.