Kompyuta ya stesheneri: mpya ya boksi kutoka Dar, au ya fundi wa hapa Morogoro?

Swali: Dada wa Stesheneri

Habari zenu ndugu zangu. Nimepata fremu ndogo karibu na chuo hapa Morogoro, na ninatarajia kufungua stesheneri kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka, kwa sababu hapo ndipo vijana wanapoanza kumiminika kuomba vyuo na mikopo. Printa ya leza na mashine ya fotokopi ninazo tayari. Nimeachiwa na shangazi yangu aliyekuwa akifanya kazi hii hii Kilosa. Kinachonikosesha usingizi ni kompyuta.

Nimetenga shilingi 1,300,000. Wiki iliyopita nilikwenda Dar es Salaam katika duka moja kubwa, nikaonyeshwa kompyuta mpya ya mezani ya kampuni inayojulikana, ile ambayo kila kitu kimo ndani ya skrini. Ni nyeupe, nyembamba, bado ina nailoni yake, ina prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na waranti ya mwaka 1. Bei yake ingemaliza fedha zangu zote, nikabakiwa na nauli ya kurudia. Niliporudi nilipita kwa fundi mmoja wa mjini ambaye huuza kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya, na pia huunganisha kompyuta mpya kwa vipuri. Alinipa njia mbili: nichukue Dell OptiPlex 7060 iliyotumika, ambayo anasema ni Core i5 ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, pamoja na skrini, kwa 650,000, au aniunganishie mpya kwa 1,100,000. Dhamana yake ni miezi 3, lakini ni ya mdomo tu.

Kazi zangu zitakuwa kuchapa barua na ripoti za wanafunzi, kuskani vyeti, kutengeneza picha za pasipoti, kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo na ya ajira za serikali, na kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, kurasa nyingi zikiwa zimefunguliwa kwa wakati mmoja. Mume wangu anasema kipya ni kipya, na kwamba kununua mtumba ni kununua matatizo ya mwenzako. Mimi naviogopa vyote viwili. Naomba ushauri wa watu walioishi na mashine hizi, wala si wa walioziona dukani tu.

Jibu la 1: Fundi Kihonda

Dada, kwanza niseme wazi kwamba ninaishi kwa ufundi wa kompyuta, kwa hiyo uyapime maneno yangu ukilijua hilo. Fundi uliyemtaja simfahamu.

Upya wa kompyuta ni jambo moja na nguvu yake ni jambo jingine, na maduka makubwa yanauza zaidi lile la kwanza. Celeron za aina hiyo kwa kawaida zina viini 2 tu vya kufanyia kazi, wakati i5-8500, ambayo ndiyo hukutwa mara nyingi ndani ya OptiPlex 7060, ina viini 6. Kuhusu RAM, GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali ili iweze kuwaka, kwa hiyo ukishafungua kivinjari chenye ukurasa wa mikopo, wa RITA na barua pepe ya mteja, na Word iko pembeni, kumbukumbu imekwisha na mashine inaanza kuandika na kusoma kwenye diski kila unapohama ukurasa. Mteja amesimama mbele yako, wewe unaangalia kiduara kinachozunguka. Kabla hujatoa fedha Dar, muulize muuzaji kama RAM ya mashine ile inaweza kuongezwa, na asipokuwa na jibu la moja kwa moja, hilo nalo ni jibu.

Jambo la pili ni siku itakapoharibika. Mwaka jana zahanati moja ililetewa mashine mpya ya aina hiyo ya skrini na kompyuta pamoja, na mwezi wa nne ikagoma kuwaka. Mimi ningeweza kuifungua, lakini kuifungua kungeua waranti, kwa hiyo ikafungwa kwenye boksi lake, ikapelekwa Dar, ikakaa huko wiki 3, na muda wote huo mhudumu aliandikisha wagonjwa kwenye daftari. Waranti ilitimizwa, sikatai, mashine ilirudi ikiwa nzima. Jiulize kama wewe unaweza kufunga kazi wiki 3 katikati ya msimu wa mikopo.

Sasa tuje kwa huyo wa Morogoro, kwa sababu huko nako kuna mitego. Usinunue neno "Core i5" peke yake. Soma namba inayofuata baada ya kistari: 8500 ni kizazi cha 8, 7500 ni cha 7, na 6500 ni cha 6. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inahitaji kizazi cha 8 kwenda juu. Wapo wanaoiingiza kwenye mashine za zamani kwa njia za panya, lakini mwenye biashara hapaswi kulala na wasiwasi kwamba sasisho lijalo litagoma. Stika iliyobandikwa mbele ya boksi usiiamini hata kidogo, kwa maana stika huuzwa. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu iliyoandikwa Performance, na hapo utaona jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM kilichomo.

Zipo faida 2 za mashine ya ofisini ambazo wauzaji wengi hawazisemi. Ya kwanza ni leseni. Kompyuta za kampuni kubwa zilizotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye huwa zina ufunguo wa leseni uliowekwa ndani ya bodi yenyewe, kwa hiyo Windows halali hujitambua inapopata intaneti, ilhali kompyuta ya kuunganishwa haina leseni mpaka uinunue, na katika ile 1,100,000 nina hakika hukuambiwa kwamba leseni imo. Ya pili ni urahisi wa kuifungua: kifuniko kinatoka bila kuhangaika na bisibisi nyingi, na RAM unaongeza mwenyewe kwa dakika 5.

Udhaifu wake upo kwenye pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachoipa mashine umeme. OptiPlex hutumia umbo lake na plagi zake, hivyo hutaweza kuchomeka ile ya kawaida ya ATX inayouzwa kila duka la vipuri. Itabidi utafute ya mashine inayofanana nayo. Hapo ndipo kompyuta ya kuunganishwa inaposhinda, maana vipuri vyake vinafuata vipimo ambavyo soko zima linavifuata tangu 1995. Muulize fundi wako kama anayo pawa saplai ya akiba ya 7060. Mtu anayeuza mashine hizo kwa wingi atakuwa na mbovu mbili tatu za kunyofolea vipuri.

Jibu la 2: Mwalimu Mstaafu

Ninaheshimu maelezo ya fundi hapo juu, lakini naomba niseme upande wa aliyeumia. Miaka 3 iliyopita nilinunua kompyuta 2 zilizotumika kwa ajili ya kituo changu cha masomo ya ziada, kwa muuzaji wa mtaani aliyekuwa mcheshi na mwenye maneno matamu. Kwa miezi 6 zilifanya kazi vizuri, kisha zote mbili, ndani ya wiki ile ile, zikaanza kuandika chini ya skrini kwamba Windows haijaidhinishwa. Kijana mmoja wa chuo ndiye aliyenieleza kwamba zilikuwa zimeidhinishwa kwa njia ya kuibia, ambayo muda wake huwa ni siku 180, na alipoangalia diski akakuta moja imeshawaka zaidi ya saa 40,000, ambazo ni zaidi ya miaka 4 ya usiku na mchana bila kuzimwa. Diski hiyo ilikufa na mitihani ya wanafunzi wangu ikiwa ndani yake. Nilipomrudia muuzaji nilikuta fremu ina biashara ya vipodozi na simu yake haipatikani.

Kwa hiyo, mwanangu, mume wako si mtu wa kupuuzwa. Anachokiogopa kipo. Duka kubwa lina anwani, lina risiti ya EFD, na kesho utalikuta palepale. Ukiamua kwenda kwa fundi wa mtaani, mambo haya uyafanye mbele yake bila kuona haya. Fungua kisanduku cha amri (Command Prompt), andika slmgr /xpr, ubonyeze Enter: mashine halali itakuambia imeidhinishwa moja kwa moja, na ile ya kuibia itakutajia tarehe ya kuisha. Nenda na programu ya CrystalDiskInfo kwenye flashi, usome afya ya diski na saa ilizowaka. Na dhamana iandikwe kwenye karatasi, pamoja na namba ya kiwandani iliyobandikwa kwenye mashine, ambayo kwa Dell huwa na herufi na tarakimu 7, ili siku ya kurudi asikuambie kwamba hii si ile aliyokuuzia. Muuzaji akikasirika kwa kuombwa hayo, ondoka.

Jibu la 3: Mama Msamvu

Mimi nina stesheneri mwaka wa tisa sasa, na katika hesabu yako sioni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika. Ukinunua ile ya Dar, fedha imekwisha na mashine yako inabaki uchi mbele ya umeme wetu. Ukichukua ya 650,000, unabakiwa na 650,000 nyingine: nunua UPS, ongeza RAM ifike GB 16, na kinachobaki kiweke, kwa kuwa baada ya msimu mmoja utahitaji kompyuta ya pili kuliko unavyohitaji kompyuta nzuri zaidi. Siku ya mwisho ya maombi utakuwa na foleni mpaka barabarani, mmoja anataka kuskani, mwingine amesahau nywila yake, na kompyuta moja, hata iwe na kasi ya umeme, ina kiti kimoja tu.

Angalizo moja: hiyo printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Kifaa chake cha joto kinachoyeyusha wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo hulia na kuzima kila kitu. Niliunguza moja kwa kutojua. Printa ichomeke ukutani, kompyuta na rauta ndizo zikae kwenye UPS.

Muuliza swali amerudi: Dada wa Stesheneri

Nawashukuru nyote, na wewe Mwalimu hasa, kwa sababu mume wangu aliposoma ulichoandika alikubali kunisindikiza badala ya kubishana nami. Leo tumeshinda kwa yule fundi kwa muda wa karibu saa 3. Prosesa ni i5-8500 kweli, RAM ni GB 8 kweli. Amri ya slmgr imejibu kwamba Windows imeidhinishwa moja kwa moja. Diski inaonyesha afya ya asilimia 97, na fundi alieleza mwenyewe kwamba aliitoa ile ya zamani iliyokuja na mashine akaweka mpya.

Kasoro tumeikuta mahali ambapo sikupatarajia. Tulichomoa waya wa umeme ili tuhamishe mashine kwenye meza nyingine, na tulipoiwasha tena ikaja na ujumbe kwamba saa haijapangwa, tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, na nilipojaribu kufungua tovuti ya mikopo ikakataa na kusema muunganisho si salama. Nilishtuka nikidhani nimeuziwa mbovu. Fundi aliifungua mbele yetu, akatoa kibetri kidogo cha duara mfano wa sarafu, CR2032, akaweka kipya, tukachomoa waya tena na kuurudisha, na saa ikabaki sawa. Pawa saplai za akiba anazo 2, nimeziona rafuni.

Kuhusu dhamana alisita kidogo, kisha akakubali miezi 6 kwa maandishi, na namba ya mashine ameiandika kwenye risiti. Nimelipa nusu. Swali langu lililobaki ni moja: RAM niongeze kwake sasa, au nisubiri nione GB 8 zinavyofanya kazi?

Jibu la 4: Fundi Kihonda

Kibetri hicho ni ishara ya umri tu, wala hakina madhara mengine, na fundi amefanya vema kukibadilisha mbele yako. RAM ongeza sasa, lakini usiitoe iliyomo. Mwambie aweke kipande cha pili cha GB 8 cha DDR4 chenye kasi sawa na cha kwanza, ili vifanye kazi kwa jozi, na kabla hujalipa nusu iliyobaki mwombe aiache mashine iwake usiku kucha dukani kwake. Asubuhi ukiikuta inawaka, angalia tarehe tena, kisha uibebe.