Nimepewa pole ya msiba wangu mwenyewe dirishani!! Hawa wanaohudumia maveterani nani anawawajibisha?

Vumbi la Kandahar (mwanzisha uzi):

Wakuu salamu baadaye, naandika nikiwa ndani ya gari hapa hapa nje ya ofisi ya VA, idara ya maveterani wa Marekani, mikono inatetemeka. Wabongo na Wakenya tuliotumikia jeshi la Marekani naomba mje hapa wote.

Hela ya fidia haijaingia benki. Nikapiga simu, muziki, muziki, muziki, nimeota mvi nikiwa kwenye foleni ya simu halafu ikakatika. Nikasema poa naenda mwenyewe. Nikaangukia kwa yule dada, simtaji, wote mliowahi kukanyaga pale mnamjua, yule wa dirisha la mwisho mwenye kifeni kidogo kinampuliza usoni muda wote kama yuko kwenye video ya taarabu. Nampa kitambulisho, kina sura yangu hii hii. Anagonga kompyuta kwa kidole kimoja asivunje kucha, tak, tak, tak, anaangalia skrini, anashusha miwani, halafu kwa sauti ya upole kabisa anasema: "Sistimu inaonyesha huyu ameshafariki. Pole sana kwa msiba."

POLE KWA MSIBA. Mimi. Nimesimama mbele yake. Nahema!

Nikamwambia dada huyu marehemu ndo mimi. Akanijibu anaelewa, kipindi cha majonzi kila mtu anakipokea kivyake. Halafu akanisukumia chini ya kioo kipeperushi cha mazishi, bendera ya jeneza bure, jiwe la kaburi bure. Nikamuuliza sasa nafanyaje, akasema faili la marehemu anafuatilia mjane. Mjane gani jamani, mke wangu yuko kazini saa hizi anajua ana mume! Nikataka kuongea na bosi wake, bosi yuko semina. Akageuza kibao cha "dirisha limefungwa" akabeba kifeni chake akaenda kula, na juu ya kiti chake kuna bango kubwa eti tunawaheshimu mashujaa wetu.

Mapafu yangu yamekula moshi wa mashimo ya kuchomea takataka kule Afghanistan, tumehangaika miaka mpaka 2022 ndo sheria ya PACT, ile ya matibabu na fidia kwa waliovuta moshi wa sumu jeshini, ikapita, kidogo tukaanza kusikilizwa. Na ile sheria ya uwajibikaji ya 2017 si tulishangilia wote, Trump kasaini, tukaambiwa mtumishi mzembe wa VA sasa anaondoka fasta. Kaondoka nani? Aliyeondoka ni mimi, duniani!

Yaani pole kwa msiba. Kaniangalia usoni kabisa.

Mama Twins: Innalillahi. Marehemu alikuwa mtu wa watu.

Kichwa Ngumu: Michango inatumwa namba gani wakuu, na arobaini ni lini nijipange na kazi

Sajenti Mstaafu: Yule wa feni??? Mimi aliniambia mguu wangu hauonekani kwenye faili. Nikampandishia mguu kwenye kaunta. Akasema "bado hauonekani." Nakuelewa kabisa mdogo wangu.

Vumbi la Kandahar: Huyo huyo mkuu! Sasa wewe ulikosa mguu, mimi nimekosa uhai. Na kanipa pole, angeninyamazia ningevumilia.

Nakuru Finest: Aki pole buda. Hizo ofisi ziko na madharau. Lakini ukweli usemwe, hiyo story yako imekaa chumvi kiasi, mtu aambie mtu amekufa na anamwona?

Sajenti Mstaafu: Chumvi wapi, hii iko wazi kabisa. 2011 mpaka 2015 watu zaidi ya 4,000 walikatiwa malipo wakidhaniwa wamekufa kumbe wazima wanakunywa chai. Kelele zikawa nyingi, ikabidi utaratibu ubadilishwe, sasa inatakiwa barua ije nyumbani kwanza, familia ipewe siku 30 kuthibitisha ndo hela isimamishwe. Barua hukupata?

Vumbi la Kandahar: Barua gani, nimepata kipeperushi cha jiwe la kaburi tu

Kichwa Ngumu: Mkuu mali za marehemu vipi, ile pikapu yako ya Tacoma nani anarithi? Nauliza kwa uchungu tu

Mwanasheria wa Mtaani: Na hiyo sheria ya 2017 acheni kuimba, ilishang'olewa meno. Watu walikuwa wanafukuzwa chap chap, wanakwenda kulalamika, wanashinda, wanarudi kazini na malipo yao ya nyuma. 2023 idara yenyewe ikatangaza haitumii tena kile kifungu cha kufukuza haraka. Kwa hiyo dada wa feni akifanyiwa chochote atarudi na feni kubwa zaidi. Nenda ofisi ya mbunge wako wa Kongresi, wana watu wa kufuatilia mambo haya, ukisaini fomu ya ruhusa wanaandika barua kule, utaona faili linavyopata miguu.

Sajenti Mstaafu: Afadhali hata faili lipate miguu, mimi wangu bado hauonekani.

Mama Twins: 😂😂😂 nimecheka bosi kaniangalia

Doria ya Usiku: Mnacheka ila 2014 kule Phoenix, hospitali ya VA, wagonjwa waliwekwa kwenye orodha za siri ili takwimu za kusubiri zionekane nzuri, watu wakafa wakisubiri daktari. Waziri wa maveterani Shinseki akajiuzulu, jenerali wa nyota nne yule. Wakubwa ndo wanajiuzulu, wa madirishani wanaendelea kula donati.

Vumbi la Kandahar: Mnaenda mbali wakuu. Mimi nimepewa POLE. Niliyefiwa ni mimi na aliyekufa ni mimi.

Mjukuu wa KAR: Nyie mnalia mna fidia inaingia benki? Babu yangu alipigana Burma vita ya pili ya dunia akiwa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika Mashariki, karudi na koti na kikohozi. Nyaraka zilitoka 2019 zinaonyesha askari mweupe alilipwa kiinua mgongo mpaka mara tatu ya mweusi wa cheo kile kile. Mpaka anazikwa hakuna mtu alimpa hata hicho kipeperushi. Uwajibikaji uanzie kwa Mwingereza.

Nakuru Finest: Hapo umenena. Babu yangu pia, na yeye alikuwa anaimba nyimbo za Burma akikunywa.

Kichwa Ngumu: KAR imeingiaje hapa, uzi unahusu marehemu wetu

Mjukuu wa KAR: Imeingia kwa sababu babu yangu ni veterani, wewe hata mgambo hujapita

Kichwa Ngumu: Mgambo nimepita na cheti ninacho, kuwa na adabu

Dada wa Minneapolis: Nyie mna bahati, mje ofisi ya leseni za gari ya huku. Jina langu wameliandika kwa herufi tatu na jinsia wamebadilisha. Nimeenda kurekebisha naambiwa nije na yule mwanaume.

Mama Twins: 😂😂 mlete

Doria ya Usiku: Leseni ni cha mtoto, jaribuni watu wa kodi

Kijana Mpambanaji: Samahani wakuu natoka nje ya mada kidogo, hivi mtu mwenye grinikadi anaruhusiwa kujiunga na hilo jeshi au mpaka uraia? Nina 29, kifua kizima

Sajenti Mstaafu: Grinikadi inatosha dogo, uraia unaombea ukiwa ndani. Ila Kiingereza kiwe safi na mtihani wa kuingilia jeshi, ASVAB, uusomee, usiende kichwa kichwa.

Kijana Mpambanaji: Na mke anaruhusiwa kuja kambini?

Nakuru Finest: Huyu ameshaanza na mke 😂

Mjukuu wa KAR: Kichwa Ngumu weka picha ya hicho cheti cha mgambo

Sajenti Mstaafu: Kijana njoo PM. Na anza kukimbia leo jioni, usisubiri Jumatatu.