Kundi la WhatsApp la wakulima wa nyanya linawezaje kutatua tatizo badala ya kulipigia kelele?

Katibu wa Kikundi, Arumeru

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa nyanya upande wa Ngarenanyuki. Tuna kundi la WhatsApp lenye wanachama wapatao mia mbili, na wengi wao huamkia shambani kila siku. Adui yetu mkubwa mnamfahamu: ni kantangaze, yule nondo mdogo aliyeingia Arumeru mwaka 2014 na ambaye hadi leo anatutia hasara.

Kila msimu mambo ni yaleyale. Mtu anatuma picha ya jani lenye mabaka, na kabla ya saa moja kupita majibu yamemiminika: huyu anasema ni kantangaze, yule anasema ni ugonjwa wa bakajani chelewa, wa tatu anataja dawa aliyoshauriwa na muuza pembejeo, na wa nne anatuma sala ya asubuhi. Mwishowe linafuatwa jibu la anayeheshimika zaidi au la aliyewahi kuandika, hata kama picha yenyewe hakuitazama vizuri. Wiki inayofuata mkulima wa jirani anauliza swali lilelile kana kwamba halijawahi kujibiwa.

Nimesoma kwamba mitandao ya watu ikishirikiana na akili mnemba huweza kutatua matatizo yanayomshinda mtaalamu mmoja. Je, hilo linawezekana kwa kundi kama letu, ambalo baadhi ya wanachama wanatumia kitochi na wengine huweka bando pale hela inapopatikana? Sitafuti programu ya kununua. Nataka kuelewa ni kitu gani hasa huufanya umati ujibu sawasawa, na kompyuta inaingilia wapi.

Mtengeneza Programu, Moshi

Ndugu Katibu, swali lako lina kisa chake. Tarehe 5 Desemba 2009, DARPA, ambayo ni wakala wa utafiti chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilirusha maputo mekundu 10 sehemu mbalimbali za nchi hiyo na kuahidi dola 40,000 kwa timu ya kwanza ambayo ingetaja mahali yalipo yote. Timu ya chuo cha MIT iliyapata kwa muda usiofika saa tisa, ingawa ilikuwa imeanza kukusanya watu siku chache tu kabla ya shindano.

Ushindi wao ulitokana na namna walivyoigawa zawadi. Kila puto lilitengewa dola 4,000: aliyeliona alipata 2,000, aliyemwalika huyo alipata 1,000, aliyemwalika mwalikaji alipata 500, na hesabu ikaendelea kupungua kwa nusu. Kwa hiyo hata mtu ambaye hakuwa na puto lolote karibu naye alikuwa na sababu nzuri ya kumpigia simu binamu yake wa mji mwingine. Chukua kanuni hiyo ndani ya kikundi chako: mzee mwenye kitochi aliyewaona wadudu, na kijana jirani aliyepiga picha na kuituma, wote wawili waandikwe. Zawadi si lazima iwe kubwa. Bando la wiki linatosha.

Wengi wanaposimulia kisa hiki huacha sehemu iliyo ngumu zaidi. Taarifa za uongo zilikuwa nyingi, nyingine zikiwa na picha zilizochezewa, na ilibidi timu ilinganishe mahali palipotajwa na anwani ya intaneti ambako taarifa ilitumwa. Kazi ya kompyuta ilikuwa hiyo ya kuchuja na kupanga, kwa sababu yenyewe haikuona puto hata moja.

Jambo dogo la kiufundi kwa upande wenu: picha inapotumwa kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, taarifa za mahali zilizofichwa ndani yake huondolewa. Kila picha iambatane na maandishi yanayotaja kitongoji na tarehe, la sivyo baada ya mwezi mmoja mtakuwa na ghala la majani yasiyojulikana yalitoka wapi.

Mwalimu Mstaafu wa Hisabati, Arusha

Naomba nijibu ile sehemu ya umati kujibu sawasawa, kwa sababu hapo ndipo kundi lenu linapokwama.

Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walilipa kiingilio ili wakisie uzito wa ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Mwanasayansi Francis Galton alizichukua kadi 787 zilizosomeka, akazipanga kuanzia kisio dogo hadi kubwa, kisha akatazama lile la katikati. Lilikuwa ratili 1,207, na uzito halisi ulikuwa 1,198. Umati uliokuwa na wachinjaji, wakulima na watu wa kawaida ulikosea kwa chini ya asilimia moja.

Sasa angalieni sharti lake. Kila mtu aliandika kadi yake bila kuona ya mwenzake, hivyo waliozidisha na waliopunguza wakafutana. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich waliwaweka wanafunzi 144 katika majaribio ya kukisia, na katika baadhi ya maswali wakaruhusiwa kujua majibu ya wenzao. Makisio yalisogeleana, lakini kwa ujumla hayakuwa sahihi zaidi, na washiriki wakazidi kujiamini. Hivyo ndivyo inavyotokea kwenye kundi lako pale mwenyekiti anapotangulia kuandika kwamba hiyo ni kantangaze.

Tiba yake haihitaji akili mnemba. Picha ikiingia, wateule saba au tisa watume majibu yao faraghani kwa namba moja, na majibu yatangazwe pamoja baada ya muda uliokubaliwa. Hata hivyo, uuchukue mpango huu kwa tahadhari, Ndugu Katibu, kwa sababu makosa hufutana pale tu yanapoelekea pande tofauti. Kama wote tisa walifundishwa na muuzaji mmoja wa dawa, kura zao tisa ni kura moja iliyorudiwa.

Afisa Ugani, Tengeru

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu ng'ombe, lakini ugonjwa wa mmea si uzito wa kukisiwa. Watu tisa wakisema bakajani na mmoja akasema kantangaze, huenda yule mmoja ndiye aliyeligeuza jani.

Kantangaze huishi kati ya ngozi mbili za jani na kula nyama yake, akiacha mabaka mapana yanayopitisha mwanga. Ukilielekeza jani kwenye jua utamwona kiwavi mwenyewe humo ndani pamoja na vinyesi vyake vyeusi. Inzi mchimba majani huacha njia nyembamba zilizopindapinda. Bakajani chelewa huonekana kama doa lililoloa maji na kuwa jeusi, na asubuhi yenye unyevu utaona ukungu mweupe upande wa chini. Picha nyingi ninazotumiwa zimepigwa kwa juu, jani likiwa mezani, na kwa picha ya namna hiyo hata mimi nabahatisha. Kosa hilo lina gharama, kwa kuwa dawa ya ukungu haimgusi kiwavi na dawa ya wadudu haiponyi bakajani. Agizeni picha tatu: juu ya jani, chini ya jani, na jani likiwa limeelekezwa kwenye jua.

Mkifanya hivyo, picha zenu zitakuwa na thamani kuliko mnavyodhani. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, hutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu bila kuhitaji intaneti, na iliweza kufundishwa kwa sababu kulikuwa na picha ambazo wataalamu walizitazama na kuziandikia jina la ugonjwa. Hapa kwetu Tengeru, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela wamekwishafanya kazi ya kuifundisha kompyuta kutambua madhara ya kantangaze kwenye nyanya. Mashine hiyo hula picha zenye majina sahihi, na ninyi mnazifuta kila simu inapojaa.

Pamoja na hayo, ushauri wangu ni kwamba msianze na picha. Anzeni na mitego ya feromoni, yaani yenye harufu ya nondo jike. Mtego huvuta madume, na mara nyingi nondo huonekana humo kabla shamba halijaonyesha dalili. Kuhesabu nondo hakuhitaji utaalamu, na idadi haibishaniwi kama jina la ugonjwa. Mtego mmoja hausemi mengi, kwa sababu upepo au shamba la jirani lililovunwa vinaweza kuupotosha. Mitego ishirini iliyosambaa vitongojini, ikihesabiwa siku moja ya juma, itawaonyesha idadi inapandia wapi na inaelekea wapi. Kuchora ramani hiyo ndiyo kazi ninayoiona inaifaa kompyuta.

Mkulima wa Mbogamboga, Hai

Yote ni mazuri, ila hakuna aliyegusa suala la mwenye taarifa. Ramani ikionyesha kwamba shamba langu limevamiwa, dalali wa kwanza kuiona atanipangia bei ya tenga kabla hajafika. Nikilijua hilo, nitaacha kuripoti au nitapunguza idadi, na jirani yangu atafanya vivyo hivyo. Hamtakuwa na haja ya kumtafuta mwongo wa mbali kama wale wa maputo.

Kwa hiyo ramani iishie kwenye kitongoji, na majina ya wenye mitego yabaki kwa mtu mmoja aliyeaminiwa na mkutano. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani. Wanachama waelezwe waziwazi tangu mwanzo, na kampuni yoyote ikija kuomba picha, iandike inazitaka kwa kazi gani na ninyi mtapata nini.

Katibu wa Kikundi, Arumeru

Nawashukuru nyote, na wewe Mwalimu pokea shikamoo yangu. Nitapeleka kwenye mkutano pendekezo la kuanza na mitego, kila Jumatatu asubuhi, na picha tatu kwa yeyote anayeuliza. Suala la kujibu faraghani litakuwa na upinzani, kwa sababu wapo wazee wetu watakaoona wananyimwa nafasi ya kushauri, lakini nadhani watakubali wakijua kwamba majibu yao yatasomwa mbele ya wote. Namba ya kupokelea haitakuwa ya mweka hazina, kwa kuwa yeye ana duka la pembejeo, na hilo nitalieleza kwa lugha ya upole.

Ninalo swali moja lililobaki kwa ndugu yangu wa Moshi: wenye kitochi wataingiaje kwenye ramani hiyo?

Mtengeneza Programu, Moshi

Kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Ushahidi, jukwaa lililoanzishwa na Wakenya mwanzoni mwa mwaka 2008 wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, lilipokea taarifa kwa ujumbe mfupi na kuziweka kwenye ramani, na baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010 wazungumzaji wa Krioli waliokuwa nje ya nchi walizitafsiri jumbe za namna hiyo kwa kujitolea. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ninyi mnahitaji vitu vitatu tu: namba ya mtego, idadi ya nondo na tarehe. Kitongoji kiandikwe kwenye daftari sambamba na namba ya mtego, ili mtu asikitaje kila wiki na kukosea tahajia. Kwa mitego ishirini, jedwali la kawaida la kwenye kompyuta litatosha msimu mzima, kwa hiyo msikubali kuuziwa kitu kingine kwa sasa.