Kitabu cha utangulizi wa saikolojia ya utambuzi: nasoma leo, kesho sikumbuki

Zuhura_M2
Habari zenu wadau. Nimeanza somo la saikolojia ya utambuzi (jinsi akili inavyopokea, kukumbuka na kufikiri) muhula huu na tumepewa kitabu kimoja cha utangulizi. Nilianza ukurasa wa kwanza, nimepiga mistari ya rangi karibu kila aya, na sura ya kumbukumbu nimeisoma mara tatu. Jana mwenzangu akaniuliza kumbukumbu ya muda mfupi ina tofauti gani na kumbukumbu tendaji. Nikabaki namtazama tu. Watafiti nao ni wengi: Broadbent 1958, Treisman 1964, Atkinson na Shiffrin 1968, Baddeley na Hitch 1974, kila mmoja ana mchoro wake wa visanduku na mishale. Nikariri vyote? Na je, ni lazima nifuate mpangilio wa sura?

msomaji_wa_usiku
Kariri, dada. Mtihani unaulizia michoro. Mimi niliibandika ukutani nikawa naitazama kila asubuhi, na nilifaulu.

kalamu_na_chaki
Mdogo wangu Zuhura, somo hili nimelifundisha miaka tisa na swali lako nalisikia kila muhula. Usikariri mchoro kabla hujajua ulizaliwa na ubishi gani. Kila kisanduku ni jibu la mtu aliyekuwa amekwama.

Broadbent alisema umakini ni chujio: ukifuatilia sauti ya sikio moja, ya sikio la pili inazuiwa mapema, kabla maana yake haijashikwa. Mwaka 1959 Moray akawapa watu kazi ya kurudia neno kwa neno ujumbe wa sikio moja, kisha akapenyeza jina la mhusika katika sikio la pili. Wapo waliolisikia. Sasa kama chujio limeziba, jina limepita wapi? Hapo ndipo anapoingia Treisman: chujio halizibi, linafifisha tu, na neno lenye uzito kwako hukushtua hata likija kwa unyonge. Ukilishika swali hilo, mchoro wa Treisman utauchora mwenyewe bila kuutazama.

La mwenzako nalo ni vivyo hivyo. Kwa Atkinson na Shiffrin, kumbukumbu ya muda mfupi ni mlango wa kufikia ile ya muda mrefu. Mwaka 1970 Shallice na Warrington wakaandika habari za mgonjwa K.F. aliyeumia ubongo. Ukimsomea tarakimu, zikizidi mbili tu anababaika, lakini mambo mapya alijifunza na yakakaa. Mlango umevunjika na wageni bado wanaingia! Baddeley na Hitch wakaja na pendekezo jingine: si ghala moja, ni wafanyakazi kadhaa, mmoja anashika sauti, mwingine anashika picha na mahali vitu vilipo, na msimamizi juu yao. Kwa hiyo "muda mfupi" inakwambia kitu kinakaa kwa muda gani. "Tendaji" inakwambia kuna kazi inafanyika wakati umekishika. Zidisha 38 kwa 6 kichwani sasa hivi, utaihisi kazi yenyewe.

Mpangilio wa sura usikubane. Anza na kumbukumbu, kwa sababu humo mna namna ya kusoma sura zilizobaki. Roediger na Karpicke, 2006: wanafunzi waliorudia kusoma maandishi walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliofunga maandishi na kuandika walichokumbuka walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kusoma mara tatu kumekuzoesha ukurasa, nawe ukadhani unaujua. Weka kalamu za rangi kando. Ukimaliza kurasa nne, funga kitabu, andika ulichobaki nacho, ndipo ufungue uone ulipoteleza.

Halafu kitazame chenyewe kitabu. Kikikupa ile "saba" ya Miller ya 1956, yaani kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu saba hivi, na kuishia hapo, kitakuwa kimepitwa, maana tangu Cowan aandike mwaka 2001 wengi wanazungumzia vipande vinne hivi. Na jaribio lolote linalowezekana kufanyika mezani, lifanye. La Stroop la 1935, la kuandika majina ya rangi kwa wino wa rangi nyingine kisha kutaja rangi ya wino, linahitaji karatasi na kalamu za rangi tu.

Zuhura_M2
Asante sana mwalimu. Nimefunga kitabu nikaandika hadithi ya Treisman, nimekwama mara moja tu. Stroop nimeifanya pia: "nyekundu" kwa wino wa kijani, "bluu" kwa wino wa njano, maneno 20. Kutaja rangi za wino kumenichukua karibu mara mbili ya muda wa kutaja rangi za vidoa vya kawaida. Ila mdogo wangu wa miaka minne, anayejua rangi lakini hajui kusoma, amezitaja rangi zote za wino bila kusita. Nimekosea mahali?

kalamu_na_chaki
Hujakosea hata kidogo, na nimefurahi mno kusoma hili. Kwake ile ni michirizi yenye rangi. Kwako wewe neno linajisoma lenyewe hata usipotaka, nalo linagombania mdomo na rangi. Mpe karatasi hiyohiyo akishaanza kusoma vizuri, na hii ya leo uitunze, andika tarehe juu yake.

msomaji_wa_usiku
Naomba orodha ya hayo maneno 20, dada. Nami nataka kumjaribu wangu.