Hilux Vigo ya lami na porini: nianze na kipi kabla ya masika?

Nyuma_ya_Meru (Arusha)
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Hilux Vigo dabo kebini, injini 2KD, gia za mkono, springi za kiwandani, tairi 255/70R15 zinazokaribia upara. Siku za kazi iko mjini na Usa River. Wikiendi inaenda Longido, au inapita Mto wa Mbu na Engaruka hadi Engare Sero. Masika kuna mzigo wa Simanjiro, kilo 300 hivi. Ibaki gari la barabarani, nisisimamishwe kila kituo cha trafiki. Gereji wamenipa orodha: kuinua inchi 4, bampa la chuma, winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba), snoko (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu), keria, taa ndefu ya LED juu ya kioo, maputo ya hewa nyuma. Hela haitoshi vyote. Kipi cha maana na kipi urembo?

DifuNyuma (Moshi)
Mkuu, kabla ya hela piga hesabu ya kilo. Dabo kebini hubeba tani moja hivi, na watu wamo humohumo. Bampa la chuma kilo 60, winchi na kamba yake 40, keria 30, kanopi 70 (utaitaka tu), madumu mawili ya dizeli 34, maji lita 40. Hizo ni 274. Weka watu watano wa kilo 75, umefika 649 na hujapakia gunia hata moja. Ongeza zile 300 za Simanjiro uone kilichobaki.

Hela ya kwanza iende kwenye tairi. Chukua 265/70R16 za A/T (za lami na porini) zenye alama ya LT (za magari ya mzigo), kwa sababu ubavu wake unavumilia mawe ya Engaruka. Utahitaji rimu za 16. Kipenyo kinatoka milimita 738 kwenda 777, sawa na 265/65R17 ambazo Toyota wenyewe walifunga kwenye Vigo za rimu 17, kwa hiyo hukati madigadi. Ila dashi itakudanganya kwa asilimia 5: ikisoma 50 uko karibu 53, ikisoma 80 uko 84. Tochi ya trafiki haijui umebadili tairi.

Nunua TANO. Spea ndogo ukiifunga ekseli moja na kubwa halafu ukaingiza fo wili kwenye ardhi ngumu, unaua difu.

Kampresa ndogo ya betri na geji ni lazima. Upepo kwa psi: lami 35, barabara yenye mikunjo kama bati 26 hadi 28, mchanga 16 hadi 18 kwa mwendo wa pole. Ukirudi lami jaza hapohapo. Tairi yenye upepo mdogo kwenye mwendo wa 80 inachemka ubavuni na kupasuka.

SpringiTatu (Arusha)
Inchi 4 ikatae. Mbele ya Vigo kila gurudumu lina mikono yake, na shafti zinatoka kwenye difu iliyofungwa kwenye chesesi. Ukiinua sana, zile sivii jointi (viungo vya shafti) zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa: buti zinachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya hapo ni kelele ukikata kona. Milimita 40 hadi 50 inatosha, na ukifika 50 fikiria kubadili mikono ya juu. Alaimenti ifanyike siku hiyohiyo, na umwambie fundi aangalie kasta (mlalo wa mhimili wa usukani), asiishie kwenye "too" (tairi kuelekea ndani au nje). Kasta ikipotea, usukani unatangatanga kwenye lami.

Springi za nyuma zichaguliwe kwa mzigo unaokaa garini muda wote, usikadirie kwa safari moja ya mwezi. Ukifunga za kilo 500 kwenye gari linalotembea tupu, litadunda na kuua shokapu. Bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejisokota na kuchanika mapema. Yu-bolti zinazoshika springi kwenye ekseli zikazwe tena baada ya kilomita 200 na tena 1,000. Hapo ndipo mafundi wengi wanapotuangusha.

Na hili husahaulika: kama breki za nyuma zina ile valvu ya mzigo yenye fimbo iliyoshikana na ekseli, ukiinua nyuma yenyewe inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Bracketi yake isogezwe kwa kiasi ulichoinua.

Maputo usifunge. Springi inagawa uzito kwenye chesesi sehemu mbili, mbele na nyuma. Puto linausukumia sehemu moja, katikati. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, na barabara ni ya mikunjo, chesesi inapinda au kupasuka nyuma ya kebini.

Korongo_Kavu (Siha)
Snoko inanunuliwa na wengi, inafungwa sawasawa na wachache. Kazi yake kubwa huku kwetu ni vumbi, maana mdomo uko juu ya wingu la gari la mbele. Pima hivi: injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), ziba mdomo kwa kipande cha ubao. Ikizimika, iko sawa. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa kwingine, mara nyingi kwenye kiungo cha madigadi au kile kidomo cha chini ya boksi la filta.

Kabla ya snoko, refusha pumuo za difu (vitundu vyake vya kupumulia hewa). Difu ya moto ikiingia maji baridi ya korongo, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, ndiyo hiyo. Mpira wa milimita 8 wa mafuta, upandishwe hadi usawa wa kifuniko cha tangi, na kipumuo cha kuzuia vumbi juu. Kazi ya saa moja, hela kidogo.

Nyuma_ya_Meru
Asanteni sana. Basi winchi na taa? Na kwa udongo mweusi si bora M/T (tairi za matope)?

DifuNyuma
M/T kwenye lami yenye mvua Arusha–Moshi inateleza na inapiga kelele njia nzima, na udongo mweusi unaziba hata hizo. Kaa na A/T, beba cheni za tairi mbili za nyuma. Winchi iache kwanza. Ukiitaka baadaye, iwe mara 1.5 ya uzito wa gari lililojaa: gari la tani 2.8 linataka winchi ya tani 4.2, yaani ile ya pauni 9,500. Nguvu hiyo iko kwenye safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma tu, ngoma ikijaa inapungua.

Badala yake: koleo, mbao mbili za kujinasua, mkanda wa kunyumbuka na shakoli (pete za chuma za kuungia) mbili za tani 4.75. Vile vindoano vyembamba vya mbele ni vya kufungia gari melini, usivivutie kwa mshtuko. Funga ndoano zenye kipimo kwenye chesesi kwa bolti za 8.8. Na usivute kwa ule mpira wa chuma wa kuunganishia trela, ukikatika unaruka kama risasi.

Korongo_Kavu
Taa ya juu ya kioo inang'aa kwenye boneti na kwenye vumbi, unajipofusha mwenyewe. Mbili za njano chini ya bampa, rilei na fyuzi yake, swichi ya peke yake, zizimwe na zifunikwe ukiwa lami. Vimulimuli usiguse kabisa, ni vya magari ya dharura. Na ukija kupiga rangi nyingine, kadi irekebishwe TRA kabla hujatoka nalo.