Kuunganisha pensheni ndogondogo za kazi za zamani (Uingereza)

Kutoka: dada yenu, Leicester

Wapendwa, hamjambo? Tangu nifike nchi hii nimefanya kazi za ejensi, nikaenda ghalani, nikahamia nyumba ya wazee, na sasa niko NHS, huduma ya afya ya serikali. Kote huko nilikatwa pensheni, na kila nilipohama nyumba barua zilibaki kwenye anwani ya zamani. Jana kijana mmoja kanipigia simu, anasema atanikusanyia zote ziwe mfuko mmoja, na nikitaka atanitolea pesa sasa hivi. Nina miaka 43. Nimpe namba yangu ya NI (Bima ya Taifa)?

Kutoka: kaka, Northampton

Dada, usimpe hata herufi moja. Kupigia watu simu za pensheni bila wao kuomba ni marufuku Uingereza tangu Januari 2019, kwa hiyo huyo ameshavunja sheria kabla hajamaliza salamu. Na kama si mgonjwa mahututi, pesa hizo hazitoki kabla ya miaka 55, na kuanzia 6 Aprili 2028 itakuwa 57. Ukizitoa mapema, HMRC, yaani mamlaka ya kodi, inaweza kukudai kodi hadi 55% ya ulichochukua. Utadaiwa wewe, yeye atakuwa ameshabadilisha laini.

Kutafuta ni bure. Serikali ina huduma inayoitwa Pension Tracing Service kwenye tovuti ya GOV.UK: unaandika jina la mwajiri, inakupa anwani ya mfuko wake. Haikuambii una kiasi gani, hilo utawauliza wenyewe. Kwa sisi watu wa ejensi hapa ndipo tunapopotea: andika jina la mwajiri lililo kwenye P60 yako (karatasi ya mwaka ya mshahara na kodi), si jina la ghala ulikokuwa unabeba maboksi. Mara nyingi ni kampuni mbili tofauti kabisa. Ukiwapata, wape pia anwani zako zote za zamani na majina kama ulivyoyaandika wakati ule, maana wengi wetu tuliandika matatu kazi hii na mawili kazi ile.

Kuunganisha kwenyewe si kazi. Unaomba kwenye mfuko unaotaka kubaki nao, wao ndio wanaovuta pesa kutoka kule. Kabla ya hapo uliza mfuko wa zamani maswali mawili: mnakata kiasi gani nikiondoka, na kuna ahadi yoyote nitakayoipoteza? Kisha linganisha makato ya kila mwaka. NEST, mfuko wa pensheni za kazini ulioanzishwa na serikali, kwa mfano, hukata 1.8% kwenye kila mchango mpya na 0.3% kwa mwaka, lakini pesa zinazohamishiwa humo kutoka mfuko mwingine hazikatwi ile 1.8%.

Ya NHS iache ilipo, tafadhali sana. Ile si akiba iliyokaa kwenye akaunti, ni ahadi ya malipo ya maisha yako yote, na huwezi kuihamishia kwenye mifuko ya aina hizi nyingine. Ukitaka mtu wa kumuuliza bila malipo, MoneyHelper, huduma ya serikali ya kuelekeza watu mambo ya pesa na pensheni, wapo.

Kutoka: mjomba, London

Naongeza mawili. Wanaojali riba: NEST ina mfuko wa Sharia, lakini hawakuweki humo wenyewe. Ingia kwenye akaunti yako uchague, kisha hakikisha na pesa zilizohamia zimeingia humo.

La pili ni fomu ya mrithi. Kila pensheni ina yake, na pesa zikihama fomu haihami nazo. Wosia peke yake hautoshi pia, kwa sababu mifuko mingi ndiyo yenyewe inayoamua nani alipwe, na huanza kwa kuangalia fomu hiyo. Jaza upya siku uhamisho unapokamilika. Kama mtu wako yuko nyumbani, andika jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho cha taifa, na namba ya simu inayopatikana. Sanduku la posta la shule aliyowahi kufundisha halitamfikia.