Njia ya kufikia usanifu wa vifaa vya wanaanga kwa aliyeko Mtwara

Kijana wa Mikindani:
Shikamooni wakubwa zangu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nasubiri matokeo. Ninachotamani si kurusha roketi, bali kusanifu vitu ambavyo mwanaanga huvishika na kuvivaa: glavu, kitanda, chombo cha kunywea maji. Nikieleza nyumbani huulizwa kama hiyo kweli ni kazi. Naomba kujua nisome nini, na kama mtu wa huku anaweza kufika.

Fundi Sanifu, Lindi:
Marahaba, mdogo wangu. Ni kazi, tena ya siku nyingi. NASA, shirika la anga la Marekani, ilipokuwa ikiandaa kituo cha anga cha Skylab, kilichorushwa mwaka 1973, ilimtafuta Raymond Loewy, msanifu wa bidhaa aliyekwisha kujulikana kwa treni na magari, naye akasisitiza dirisha la kutazamia nje na faragha kwa kila mwanaanga. Kwa upande wa Usovieti, msanifu majengo Galina Balashova alichora vyumba vya ndani vya chombo cha anga cha Soyuz na vya kituo cha anga cha Mir, akatofautisha sakafu na dari kwa rangi ili anayeelea ajue chini ni wapi.

Kiini chake ni mwili. Katika hali ya kutokuwa na uzito, magoti na viwiko hujikunja vyenyewe, kwa hiyo kiti cha kawaida humsumbua mtu badala ya kumpumzisha. Na ukikaza bolti bila kuegesha miguu mahali, utazunguka wewe. Vipimo navyo vina uzito wake: Machi 2019, matembezi ya nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga yaliyokuwa yafanywe na wanawake wawili yalibadilishwa wahusika kwa sababu kiwiliwili cha vazi cha saizi ya kati kilichokuwa tayari kilikuwa kimoja tu, na wanawake wawili hawakutoka pamoja hadi Oktoba.

Kwa masomo, anza na uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au usanifu Chuo Kikuu Ardhi. Baadaye University of Houston hutoa shahada ya uzamili ya usanifu wa makazi ya anga, na Strasbourg, Ufaransa, kuna International Space University. Nikueleze na ugumu wenyewe: ajira za kudumu za serikali ndani ya NASA ni za raia wa Marekani, na sheria zao za kudhibiti teknolojia huwabana wageni hata katika kampuni binafsi. Mlango ulio wazi zaidi kwetu ni utafiti wa vyuo vikuu, kwa hiyo jenga ujuzi ambao utakulisha hata katika vifaa vya hospitali na viwanda.

Mama Mbangua Korosho, Newala:
Mwanangu, roketi siijui, lakini umetaja glavu. Mafuta ya ganda la korosho huunguza vidole mpaka ngozi ibanduke, ndiyo maana wengine hupaka majivu. Tuliwahi kuletewa glavu nene ambazo ukizivaa huisikii punje, nayo ikivunjika bei inashuka. Wanawake wakazikata ncha za vidole, na mafuta yakaingia palepale. Aliyezileta hakuwahi kuketi nasi hata asubuhi moja.

Fundi Sanifu, Lindi:
Shikamoo mama. Tatizo ulilolieleza ndilo linalowasumbua wasanifu wa vazi la anga: glavu ikijazwa hewa hukakamaa, kila kukunja kidole ni kushindana nayo, na mkono huchoka kabla kazi haijaisha. Kijana, chuo kitakachotaka kuona kazi zako kitavutiwa na daftari la vipimo vya mikono halisi na glavu tatu au nne ulizoshona, ukajaribu, ukarekebisha, kuliko picha nzuri za roketi.

Kijana wa Mikindani:
Nashukuruni sana. Mama, nikiruhusiwa, Jumamosi nitapanda gari la asubuhi nije Newala na futi ya fundi cherehani na daftari. Ningependa kwanza niketi nibangue mwenyewe, kisha ndipo nipime.

Mama Mbangua Korosho, Newala:
Karibu, mwanangu. Tunaanza saa moja. Uje na shati la mikono mirefu.